Kamba ya Kuazima

Kadi yake ilining'inia kwenye seng'enge:
Namba thelathini na moja. Dume.
Umri: sita, au saba, hatuna hakika.
Mbwa wa kusaka. Tabia: haombi.

Wenzake walirukia waya,
vijibwa vinabiringishana kama maandazi karaini,
vikilia nichukue mimi, mimi.
Yeye kalala nyuma, kidevu sakafuni,
masikio yamemwagika pande mbili,
ananitazama kama karani anavyomtazama
mtu aliyefika dirishani saa za kazi zimekwisha.
Naujua mtazamo huo.
Miaka ishirini na tisa niliutumia
nyuma ya dirisha la tiketi, stesheni ya Tanga.

"Mzee Semboja," akasema Zuhena, binti wa kituo,
"chukua mtoto. Samaki mkunje angali mbichi.
Huyu ameshakauka."
Na mimi je, binti yangu, nina ubichi gani?
Nipe mkavu mwenzangu.

Nikatia sahihi. Mnyororo niliusahau nyumbani,
akaniazima kamba ya katani.
"Utairudisha?"
"Nitairudisha."

Tukatoka Kange, baiskeli naisukuma,
yeye upande wa kivuli, hanivuti, hanifuati,
kama watu wawili walioelekea njia moja kwa bahati tu.
Shingoni kovu limemzunguka: waya wa mtego,
au waya wa mtu.
Sikuuliza.

Makorora, Bi Mgeni alishasimama mlangoni,
khanga kifuani, mkono puani.
"Semboja! Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa."
"Atalala uwani, Bi Mgeni. Malaika wana mlango wa mbele."
"Na kuku wangu?"
Hapo sikuwa na jawabu.

Nikamtengea sufuria, nikaitia alama ya rangi nyekundu,
na kopo la udongo safi kando yake,
wa kuoshea mara saba kama nilivyofunzwa chuoni.
Hakula. Alinusa ukuta wote wa uwa,
tofali kwa tofali, kama asomaye barua ndefu
kutoka kwa mtu anayemdai.

Jina hakuwa nalo. Nikamjaribu Simba, Tomi, Jasiri,
sikio halikutikisika.
Usiku wa nne usingizi ukanikimbia, nikakaa kizingitini
nikahesabu stesheni, dawa yangu ya zamani:
Pongwe, Ngomeni, Muheza,
Mnyuzi, Korogwe, Mombo,
Mkomazi, Buiko
akainua kichwa.
Nikarudia. Buiko.
Mkia ukapiga sakafu mara moja, kama muhuri.

Huenda alizaliwa huko, akafukuza ngiri huko.
Huenda ni nzi alimpita.
Sikutafuta ushahidi.

Kuku? Mmoja. Nililipa elfu kumi na nane,
na alikuwa mwembamba.

Wiki ya tatu nikakumbuka ahadi.
Nikamfunga ile kamba, tukashika njia ya Kange.
Alitembea vizuri mpaka kona ya duka la saruji.
Hapo akakaa. Katikati ya barabara,
macho kayapeleka pengine.
Pikipiki zikamkwepa kushoto na kulia, zikatutukana sote.
"Buiko, inuka."
Hakuinuka.
"Tunarudisha kamba," nikamwambia, "haturudishi mbwa."
Lakini kamba ilikuwa shingoni mwake,
na maneno ya watu alishayasikia mengi.

Nikachuchumaa. Magoti yakalia yote mawili.
Nikaifungua, nikaikunja,
nikampa kijana wa bodaboda pamoja na elfu moja
aipeleke kwa Zuhena, aseme Semboja katimiza.

Kisha nikageuza baiskeli.
Sikumwita. Mtu wa stesheni habembelezi abiria,
hutaja safari, basi.
"Makorora," nikasema, nikapanda,
nikakanyaga polepole nikisikiliza nyuma yangu.
Kwanza pikipiki.
Kisha pikipiki nyingine.
Kisha kucha juu ya kokoto.